Kutoka Vijiji vya Rika hadi Makumbusho ya Watoto: Historia ya Mwambao wa Kyela

Ziwa Nyasa linaishia kaskazini katika bonde tambarare lenye maji mengi na udongo wenye rutuba. Mashariki yake Milima ya Livingstone imesimama wima juu ya Matema. Magharibi Mto Songwe unaitenga Tanzania na Malawi. Katikati, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremka kutoka nyanda za juu za Rungwe ikibeba udongo wa volkano. Hapa ndipo ilipo Kyela, wilaya ya mpunga, kakao na michikichi, ambayo katika sensa ya 2012 ilikuwa na watu zaidi ya 220,000, wengi wao wakiishi vijijini. Wilaya hii haina makumbusho ya watoto. Atakayetaka kuyapanga hana budi kwanza ajue mwambao huu umewafunzaje watoto wake tangu zamani, na vitu vyake vya kumbukumbu vimekwenda wapi. Kwa zaidi ya miaka mia moja urithi wa Kyela umekusanywa, umepimwa, umeandikwa na kutunzwa, lakini karibu kila mara umetunzwa mahali ambapo mtoto wa Kyela hafiki.

Kabla ya wageni wa Ulaya kuiona nchi hii, Wanyakyusa walikuwa na namna yao ya kulea ambayo wanazuoni wa baadaye waliistaajabia. Mvulana alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake, yeye na wenzake, tangu umri wa miaka sita au saba. Alipofikisha miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka nyumbani akaenda kulala na wa rika lake katika kijiji chao wenyewe, kilichojengwa jirani na kijiji cha wazazi. Shamba aliendelea kulima la baba yake. Chakula alikula kwa mama, tena hakula peke yake: kundi zima la rika lilikwenda leo kwa mama huyu na kesho kwa mama yule. Lakini kibanda cha kulala kilikuwa kazi ya mikono ya watoto wenyewe. Kibanda cha kwanza kilikuwa cha ovyo. Kilichofuata kilikuwa bora zaidi, na kufikia umri wa kuoa kijana alikuwa amekwisha kujua kusuka mianzi, kusimamisha ukuta na kuezeka paa, naye alimleta mkewe katika kijiji hicho hicho alichokianza utotoni. Mara moja katika kila kizazi, kwa sherehe ya ubusoka, wazee waliwakabidhi vijana mamlaka ya nchi. Katika vijiji hivyo adabu, ukarimu na maongezi mema ya watu wa rika moja vilifunzwa kwa kuishi pamoja, wala hapakuwa na mwalimu aliyesimama mbele akihubiri.

Wasichana hawakuwa na vijiji vyao. Walibaki kwa mama zao, na wengi waliolewa mapema, jambo ambalo anayesifu malezi ya kale hapaswi kulifumbia macho. Hata hivyo, katika upande mmoja wa mwambao ujuzi mkubwa kuliko wote ulikuwa mikononi mwa wanawake. Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi walifinyanga vyungu kwa mikono, wakavisugua kwa kokoto mpaka vikang'aa, wakavipamba kwa rangi ya udongo mwekundu na mweupe. Binti alijifunza kwa kukaa kando ya mama, kwanza akikanda udongo, kisha akisugua, mwisho akifinyanga chungu chake mwenyewe. Vyungu vilipakiwa kwenye mitumbwi na kubadilishwa kwa chakula kote pwani ya kaskazini. Kutoka milimani Wakinga waliteremka na majembe na mikuki waliyoifua wenyewe, wakarudi na nafaka. Mtoto wa mwambao alikua akiona soko ambamo kila kitu kilikuwa na fundi anayejulikana kwa jina.

Enzi hiyo ilianza kutikisika mwaka 1875, msafiri Mwingereza E. D. Young alipolizunguka ziwa kwa meli ndogo ya mvuke iitwayo Ilala. Miaka miwili baadaye konsuli Mwingereza Frederic Elton alipita kaskazini mwa ziwa, na mwaka 1879 akafika msafiri Joseph Thomson. Thomson alisifu usafi wa vijiji na nyumba zake. Lakini nyuma ya wasafiri zilikuja bunduki. Karonga, ng'ambo ya Songwe, kampuni ya Uskoti ya African Lakes ilijenga kituo chake. Wangonde, ndugu wa damu na wa lugha wa Wanyakyusa, wakajikuta katikati ya kampuni hiyo na Mlozi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1887 watu wa Mlozi waliwaua na kuwateka Wangonde wengi, wakiwemo wanawake na watoto. Vita vilivyofuata havikumalizika kabisa mpaka Mlozi alipokamatwa na kunyongwa mwaka 1895. Kwa watoto wa upande huo, miaka minane hiyo ilikuwa miaka ya kukimbia na kujificha, na malezi ya rika hayafanyiki mafichoni.

Wakati vita vikiendelea, Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890. Mto Songwe ukawa mpaka, ingawa watu wa kingo zake mbili walisikilizana lugha na kuoana. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe, na mwaka huo huo wenzao wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakaanza kazi katika nchi ya Wanyakyusa. Baadaye Matema ikawa miongoni mwa vituo vyao. Serikali ya Kijerumani ilijenga boma ufukweni na kuliita Langenburg, na meli ya Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ulaya, ikaunganishwa na kushushwa ziwani. Baadaye makao ya utawala yalihamishiwa nyanda za juu, mahali panapoitwa leo Tukuyu. Pamoja na kanisa na boma ilikuja shule. Mvulana aliyekuwa akichunga ng'ombe asubuhi sasa alitakiwa akae juu ya benchi, asome kitabu kilichochapishwa ng'ambo, na ajifunze useremala na kufyatua matofali ya kuchoma. Elimu hiyo haikuwa mbaya yote: Kinyakyusa kiliandikwa na kusomwa katika madarasa hayo. Ila kuanzia hapo ujuzi wa nyumbani na ujuzi wa shule ulifuata njia mbili ambazo hazikukutana tena.

Ndipo wakaja wakusanyaji. Daktari Friedrich Fülleborn, aliyekuwa afisa wa jeshi la kikoloni la Kijerumani, alizunguka nchi za kaskazini mwa Nyasa miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Mwaka 1902 alichapisha kitabu cha vipimo vya miili ya watu wa nchi hizo, na mwaka 1906 kingine kikubwa juu ya nchi na watu wa Nyasa na Ruvuma, chenye picha za nyumba, silaha, ngoma na vyombo. Kazi hiyo ina thamani yake. Mengi tunayojua leo kuhusu sura ya vijiji vya wakati ule yamo humo. Lakini vitu vilivyoondoka pwani yetu enzi hizo viliwekwa katika makabati ya majumba ya makumbusho ya Ujerumani, na watu waliopimwa vichwa hawakuulizwa kama wangependa kupimwa.

Na hapa kalenda inatuonyesha jambo la kusikitisha. Desemba 1899, Fülleborn akiwa bado Afrika Mashariki, jumba la kwanza duniani la makumbusho lililoanzishwa kwa ajili ya watoto lilifunguliwa Brooklyn, New York. Waanzilishi wake waliamini kwamba mtoto anajifunza kwa kushika, kulinganisha na kuuliza, na kwamba kioo cha kabati kinamfukuza. Boston ilifuata mwaka 1913, kwa juhudi za walimu wa sayansi, na Indianapolis mwaka 1925. Majumba hayo yalizaliwa mijini kwa sababu inayoeleweka: watoto wa viwanda na barabara za lami walikuwa wamepoteza mto, wadudu, mawe na karakana za mafundi, na watu wazima walitaka kuwarudishia sehemu ya ulimwengu huo ndani ya nyumba. Kwa maneno mengine, Marekani ilikuwa inajenga kwa gharama kubwa namna ya kujifunza ambayo watoto wa Kyela walikuwa nayo bila jengo, katika miaka ile ile ambayo shule na boma vilikuwa vinaibomoa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa kwa haraka lakini iliacha jina. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, ambayo leo ni Liuli, na kuifanya isitumike tena. Hilo lilikuwa miongoni mwa mapigano ya mwanzo kabisa ya majini ya vita ile. Sijaona sababu ya mwanafunzi wa Itungi, bandari ya Kyela, kulijua jina la Waterloo na kutolijua la Liuli.

Utawala wa Waingereza uliofuata ulileta majaribio mawili yanayostahili kukumbukwa. La kwanza lilikuwa Malangali, katika nyanda za juu za kusini, ambako mwishoni mwa miaka ya 1920 mwalimu mkuu W. B. Mumford aliendesha shule ya serikali iliyojaribu kuingiza ngoma, ufundi na mashauri ya wazee katika ratiba ya masomo. Nia ilikuwa na kasoro zake za kikoloni, maana ilidhani Mwafrika ahifadhiwe katika ukabila wake. Hata hivyo ilikiri jambo ambalo shule nyingi za leo bado hazijalikiri, kwamba mzee wa kijiji naye ni mwalimu. La pili lilikuwa utafiti wa Godfrey na Monica Wilson, walioishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Kutokana na kazi hiyo Monica alichapisha mwaka 1951 kitabu chake maarufu kuhusu vijiji vya rika, na baadaye vitabu viwili juu ya matambiko. Aliona pia kwamba utaratibu huo ulikuwa unafifia. Vijana walikwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya kusini, ardhi ilipungua kadiri kahawa na mpunga vilivyopata bei, na shule ilichukua saa zilizokuwa za machungani. Daftari zake na picha zake ziko Chuo Kikuu cha Cape Town.

Mwaka 1940 makumbusho ya kumkumbuka Mfalme George wa Tano yalifunguliwa Dar es Salaam. Yalikuwa mwanzo wa Makumbusho ya Taifa. Kutoka Kyela hadi hapo ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, na wakati ule barabara yenyewe ilikuwa nusu ya mwaka matope. Kwa hiyo kufikia katikati ya karne ya ishirini kumbukumbu za mwambao wa kaskazini zilikuwa zimetawanyika kati ya Berlin, Cape Town na Dar es Salaam, na watoto waliozirithi walikuwa Ipyana, Matema na Ikombe.

Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ulibadili mwelekeo. Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1966 ili nyumba za makabila ya Tanzania zionekane zikiwa zimesimama, mtu aingie na kutoka. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ya msingi iwe shamba na karakana na siyo chumba cha kuwaandaa wachache kwa sekondari. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, na kwa sehemu kubwa likafanikiwa. Huu ulikuwa ushindi mkubwa, hasa kwa wasichana ambao vijiji vya rika havikuwahi kuwapa nafasi. Hata hivyo vijiji vya wavulana vilitoweka, na kile kilichokuwa kizuri ndani yake hakikupata makao mapya. Shamba la shule mara nyingi likageuka kazi ya adhabu. Kwingineko nchini watu walionyesha kwamba makumbusho yanaweza kukaa kijijini: Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement alishirikiana na Wasukuma kujenga mahali ambapo ngoma huchezwa palepale zinapotunzwa. Mwambao wa Nyasa haukupata Bujora yake.

Upande wa Malawi ulitangulia, na ulitanguliwa na mifupa. Mabaki ya mjusi mkubwa wa kale, aliyekuja kuitwa Malawisaurus, yalichimbwa wilayani Karonga tangu miaka ya 1920. Mwaka 1991, huko Uraha, watafiti walipata taya la chini la binadamu wa kale lenye umri wa takriban miaka milioni 2.4. Wananchi na wataalamu hawakutaka ugunduzi huo uondoke kama vyungu vya karne iliyopita. Novemba 2004 Kituo cha Utamaduni na Makumbusho cha Karonga kilifunguliwa, chenye nakala ya mifupa ya Malawisaurus ikiwa imesimama, na maonyesho yanayomchukua mgeni kutoka enzi ya dinosau hadi siasa ya vyama vingi. Kutoka mpakani Kasumulu hadi hapo ni mwendo wa chini ya saa mbili. Watoto wa Kyela wanasema lugha inayofahamika kule, lakini pasipoti na nauli vimekuwa vizuizi kuliko mto.

Na upande wetu nao si maskini. Katika Bonde la Rukwa, mkoani Songwe, watafiti wametangaza dinosau wapya mmoja baada ya mwingine: Rukwatitan mwaka 2014, Shingopana mwaka 2017, na mwaka 2019 Mnyamawamtuka, aliyepewa jina la Kiswahili linalomaanisha mnyama wa Mtuka, mto alikopatikana. Kimondo cha Mbozi, chuma kilichoanguka kutoka angani na kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, kipo katika mkoa huo huo. Ziwani wamo samaki wa aina mamia kadhaa wasiopatikana popote pengine duniani. Itungi, mafundi wa Kitanzania waliunda MV Njombe, MV Ruvuma na, mwaka 2021, MV Mbeya II, na watoto wa jirani walitazama chuma kikigeuka meli. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika shule ya msingi. Somo limekuja, lakini vitu vya kulifundishia bado viko mbali.

Kutoka katika mlolongo huu naona jinsi makumbusho ya watoto ya Kyela yanavyopaswa kupangwa, na hayafanani na jumba kubwa la mjini. Mipango mingi huanza na ramani ya jengo na hufa fedha zikikosekana. Kyela ni nchi ya mafuriko. Kila masika mito hupanda, na barabara za kata za chini hukatika. Jengo moja, hata likijengwa juu ya msingi mrefu, litawahudumia watoto wa mji na kuwaacha wa Ikombe na wa vijiji vilivyo chini ya milima, ambao njia yao ni mtumbwi. Botswana, nchi yenye vijiji vilivyotawanyika kuliko vyetu, ilitatua hilo kwa kupeleka makumbusho kwa gari hadi shule za mbali, likiitwa kwa jina la pundamilia. Kwetu gari hilo liwe boti kwa upande wa ziwa na bajaji kwa upande wa mpunga.

Kinachosafiri kiwe masanduku ya vitu vya kushikwa. Sanduku la udongo na kokoto za kusugulia, na bibi wa Kikisi anayelipwa posho ya kukaa na darasa siku nzima. Sanduku la mianzi na kamba ambalo watoto, wavulana na wasichana pamoja, watalitumia kujenga kibanda uwanjani kama babu zao walivyojenga, kisha walinganishe ukuta wao na picha za Fülleborn na za Monica Wilson. Picha hizo zinaweza kuombwa nakala, na maombi hayo hayahitaji wakili, yanahitaji barua ya halmashauri. Sanduku la mifupa ya plasta, kwa makubaliano na Karonga. Sanduku la kakao, kutoka tunda bichi hadi punje iliyochachushwa na kukaushwa, kwa sababu watoto wanaoanika kakao kila msimu wengi wao hawajawahi kuonja chokoleti. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, na wazee wasimulie kwa Kinyakyusa na Kikisi. Yasiyopendeza yasifichwe: ndoa za utotoni, utumwa wa Karonga, vichwa vilivyopimwa. Mtoto wa darasa la tano anastahili kuambiwa ukweli.

Jengo lije baadaye, dogo, katika ardhi iliyoinuka karibu na barabara ya Kasumulu, likiwa ghala la masanduku na karakana ya kuyatengeneza yanapochakaa. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa waombwe kufundisha walimu wawili watatu namna ya kuorodhesha na kutunza vitu, kwa kuwa kitu kisichoandikwa kilitoka kwa nani na lini hupoteza nusu ya thamani yake. Ziara za Karonga ziombewe utaratibu mwepesi mpakani kwa wanafunzi, jambo ambalo serikali mbili zinazoshirikiana kuliendeleza bonde la Mto Songwe zinaweza kukubaliana.

Ombi langu ni kwa madiwani wa Kyela, walimu wakuu na waratibu elimu wa kata. Msisubiri mfadhili wa jengo. Wafinyanzi wa Ikombe waliojifunza kwa mama zao bado wapo, lakini umri hausubiri bajeti. Tengenezeni sanduku la kwanza mwaka huu, lipelekeni kwa mtumbwi katika shule moja ya ufukweni, na muandike watoto waliuliza nini.